Mchezaji Bora wa Afrika Ni Kahawa ya AA

Kila mwaka Shirikisho la Soka Afrika, CAF, huwakusanya watu wa suti kwenye ukumbi wenye taa nyingi na kumtangaza mwanasoka bora wa kiume barani. Mara nne za karibuni ukumbi umekuwa Morocco: Rabat 2022, Marrakech 2023 na 2024, Rabat tena 2025. Majina yanabadilika. Sadio Mané, Victor Osimhen, Ademola Lookman, Achraf Hakimi. Jibu lenyewe halibadiliki: ni yule aliyefanya vizuri Ulaya.

Niseme mapema ili tusizungushane. Tuzo hii imebeba jina la uongo. Ni tuzo ya Mwafrika bora aliye Ulaya. Iitwe hivyo, ama ibadilishwe ianze kupima mpira unaochezwa hapa kwetu. Na sisi wa Meru na Embu, ambao hakuna mtu anatarajia kutualika Rabat, tuna sababu ya kukasirika kuliko hata watu wa Lagos au Dakar. Wao angalau wanatoa washindi. Sisi tunapata ule ujumbe peke yake: kwamba kiwanja kilicho karibu na kwenu si mahali ambapo mtu anaweza kuwa bora.

Kuna mtu atauliza mimi ni nani wa kusema. Sina cheti cha ukocha. Sina hata digrii. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, ada iliponishinda, na tangu hapo naishi kwa vibarua vya kuandika mtandaoni, kwa watu ambao sijawahi kuwaona uso. Lakini kahawa naijua, na hii stori ni ya kahawa.

Mtu aliyekulia Manyatta, Runyenjes, Githongo au Nkubu hahitaji kufundishwa haya. Unachuma matunda mekundu, unayabeba hadi kiwanda cha chama cha ushirika, yanapimwa, unaandikiwa kilo zako. Yanatolewa ganda, yanachachushwa, yanaoshwa, yanaanikwa. Baadaye yanapelekwa kinuni kukobolewa, na huko ndiko yanapangwa kwa madaraja: AA, AB, C, na kushuka chini. Ile iliyokauka na ganda lake, ambayo wakulima huita mbuni, inapata bei ya kuhurumiwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata wakulima wengi hawaambiwi. Hiyo AA si ladha. Ni ukubwa. Punje hupitishwa kwenye chekeche zenye matundu ya vipimo, na zile kubwa zinazokataa kupita ndizo AA. Punje ndogo inaweza kuwa tamu kuishinda, na waonjaji wanajua hivyo, ila chekeche haina ulimi. Kisha AA inafungwa kwenye magunia, inaenda Ujerumani, Ubelgiji, Marekani. Nyumbani kwetu tunakunywa chai.

CAF nayo ina chekeche yake. Matundu yake yamepimwa kwa Ligi Kuu ya Uingereza, La Liga, Serie A, Bundesliga na ligi ya Ufaransa. Ukibaki juu, wewe ni AA. Ukipita ukaanguka chini, wewe ni mbuni, hata kama uliibeba nchi yako mgongoni mashindano mazima.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Tuzo ya mchezaji bora wa Afrika ilianzishwa mwaka 1970 na jarida la Ufaransa, France Football. Wakati huo Ballon d'Or yao ilikuwa ya wachezaji wa Ulaya tu, kwa hivyo Mwafrika hakuwa na pa kutambuliwa. Mshindi wa kwanza alikuwa Salif Keita wa Mali, aliyekuwa Saint-Étienne. Angalia kilichofuata. 1971, Ibrahim Sunday wa Asante Kotoko, Ghana. 1972, Chérif Souleymane wa Hafia, Guinea. 1973, Tshimen Bwanga wa klabu tunayoijua leo kama TP Mazembe, Lubumbashi. 1974, Paul Moukila wa CARA Brazzaville. 1975, Ahmed Faras wa Mohammedia, Morocco. Endelea hivyo mpaka 1981, Lakhdar Belloumi wa Mascara, Algeria. Hiyo ni miaka 11 mfululizo, na kila mshindi alikuwa anachezea klabu ya Afrika. Canon Yaoundé peke yake ilitoa Roger Milla, Thomas N'Kono na Jean Manga Onguéné.

Huyo Bwanga nampenda kwa sababu zangu. Lubumbashi ni mji unaoongea Kiswahili. Na kwa vile Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mtu akikuambia ukanda wetu haujawahi kutoa mchezaji bora wa Afrika, mwambie apunguze sauti kidogo. Tuko naye mmoja, wa 1973, na hakuhitaji kupanda ndege kwenda Paris ndipo aonekane.

Kama unataka kucheka, cheka hapa. Tuzo ilipokuwa mikononi mwa Wafaransa, miaka ya mwanzo iliwatafuta walio bora ndani ya Afrika. CAF ilipoanzisha ya kwake mwaka 1992, macho yote yakageukia Ulaya.

Najua sababu, sijifanyi sijui. Wachezaji walianza kuondoka kwa wingi miaka ya themanini, pesa za televisheni zikafurika kule, na aliyekuwa na kipawa akafuata mshahara. Hakuna mtu mwenye akili atamlaumu. Lakini mwaka 1995 kulitokea jambo ambalo CAF ilipaswa kulitazama vizuri. Ballon d'Or ilifungua mlango kwa wachezaji wa nchi yoyote walio kwenye klabu za Ulaya, na mwaka huohuo George Weah wa Liberia akaibeba. Baadaye, 2007, mlango ukafunguliwa dunia nzima. Maana yake ni kwamba Mwafrika anayetamba Ulaya sasa ana tuzo ya kumpima akiwa huko. Sababu ya Afrika kuwa na tuzo ya pili inayopima kitu kilekile iliisha siku Weah alipopanda jukwaani.

CAF ilikuwa na nafasi ya kusema: nyinyi pimeni ya kwenu, sisi tutapima ya kwetu. Haikusema. Katika karne hii ya 21 hakuna mchezaji hata mmoja aliyeshinda tuzo kuu akiwa anachezea klabu ya Afrika. Hata mmoja, bana.

Mtu atasema labda ni bahati tu, kwamba bora wote wametokea kuwa Ulaya. Sawa, basi tuangalie miaka ambayo Afrika yenyewe ilitoa jibu lake uwanjani.

Mwaka 2012 Zambia ilishinda Kombe la Mataifa ya Afrika pale Libreville, ikiifunga Côte d'Ivoire kwa penalti. Penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu, mlinzi wa TP Mazembe. Nahodha wao, Christopher Katongo, alitajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Mwisho wa mwaka CAF ikampa tuzo Yaya Touré, aliyepoteza fainali hiyohiyo lakini akashinda ligi ya Uingereza na Manchester City. Na unajua ni nani aliyemkumbuka Katongo? BBC, kwa kura za wasikilizaji. Yaani redio ya London iliona kombe la Afrika, shirikisho la Afrika likaona ligi ya Manchester.

Kisha mkuki ukamgeukia Touré mwenyewe. Mwaka 2015 aliiongoza Côte d'Ivoire kama nahodha mpaka ikabeba kombe la Afrika. Tuzo ikaenda kwa Pierre-Emerick Aubameyang wa Borussia Dortmund, ambaye Gabon yake ilitolewa hatua ya makundi kwenye mashindano hayohayo. Touré alilalamika hadharani kwamba Afrika haithamini mafanikio yake yenyewe. Watu walimcheka, wakasema ana uchungu wa kushindwa, na labda alikuwa nao. Hoja yake bado ilikuwa ya kweli. Angeitoa 2012, akiwa ameshika tuzo mkononi, ingekuwa ya kweli vilevile.

Juzi tu, 2024, Ronwen Williams, kipa wa Mamelodi Sundowns, alidaka penalti nne dhidi ya Cape Verde kwenye robo fainali ya AFCON. Nne. Afrika Kusini ikamaliza ya tatu. Aliingia tano bora za tuzo kuu. Tuzo akachukua Lookman wa Atalanta, ambaye naye simnyimi sifa: mabao matatu kwenye fainali ya Europa League si mchezo, na alifika fainali ya AFCON na Nigeria. Lakini kama kipa wa klabu ya Afrika hawezi kushinda kwa mwaka kama ule, niambie atashinda mwaka gani, na ni lazima adake penalti ngapi.

Williams alipewa tuzo ya kipa bora, na ile ya mchezaji bora wa mashindano ya klabu za Afrika. Hiyo ya pili ndiyo nataka tuizungumzie sasa, kwa sababu ndipo Afrika Mashariki inapoingia.

Mwaka 2015 tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika ilienda kwa Mbwana Samatta, Mtanzania, akiwa TP Mazembe. Mwaka uliofuata ilienda kwa Denis Onyango, Mganda, kipa wa Sundowns. Miaka miwili mfululizo, majirani zetu wawili. Mwaka 2025 ikaenda kwa Fiston Mayele wa Pyramids ya Misri, Mkongomani ambaye Wabongo walimjua mapema akiwa Yanga. Na tuzo ya bao bora imeshaangukia Dar es Salaam mara mbili: Pape Ousmane Sakho akiwa Simba mwaka 2022, na Clement Mzize wa Yanga mwaka 2025.

Unaona kinachotokea? Kipimo kikiwa ni mpira wa hapa, Afrika Mashariki ipo mezani. Kipimo kikiwa Ulaya, tunatoweka kama moshi. Hatukuwa wabovu usiku mmoja na wazuri asubuhi. Chekeche ndiyo ilibadilishwa.

Kenya nayo imekatwa na chekeche hiyo tangu zamani. Mwaka 1987 Gor Mahia ilishinda Kombe la Washindi barani, ikitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 Nairobi, na kulibeba kombe kwa mabao ya ugenini. Ni kombe la bara ambalo wazee bado wanalitaja kama ndoa yao. Tuzo ya mwaka huo ilienda kwa Rabah Madjer wa Algeria, aliyefunga bao la kisigino Porto ikishinda Kombe la Ulaya. Bao tamu, silikatai. Lakini ona mpangilio: mwaka ambao Wakenya walishika kombe la Afrika, tuzo ya Afrika ilimsifu aliyeshika la Ulaya.

Halafu kuna 2020. Michael Olunga alifunga mabao 28 kwenye ligi ya Japani akiwa Kashiwa Reysol, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka huo CAF haikutoa tuzo kwa sababu ya korona. Na hata ingetoa, sidhani kama ungepata mtu wa kukubali dau kwamba Olunga angeingia tatu bora. Japani si Afrika, na kwa macho ya CAF, Japani si Ulaya pia. Chekeche hiyo inajua mwelekeo mmoja tu.

Hapa ndipo watu wa mtaani hunikatiza. Wanasema: lakini Ulaya ndiko kuna mpira bora, sasa utampaje mtu wa Ligi Kuu ya Kenya tuzo mbele ya Mohamed Salah? Hiyo hoja ina uzito, sitaikwepa. Salah ni mchezaji mkubwa kuliko yeyote aliyewahi kukanyaga nyasi za Kinoru, hilo mtoto anajua. Kama swali ni "Mwafrika gani anajua mpira kuliko wote", jibu litakuwa Ulaya karibu kila mwaka.

Swali langu ni lingine. Kazi ya tuzo ya shirikisho ni nini? Shirikisho la Afrika linasimamia Kombe la Mataifa, Ligi ya Mabingwa Afrika, Kombe la Shirikisho. Halisimamii mechi ya Liverpool na Everton. Haliandai fainali ya Europa League. Likitoa tuzo kuu kwa kazi iliyofanyika kwenye mashindano ya wengine, linatangaza bidhaa ya wengine bure, kwa kutumia jina letu. Hebu fikiria chama cha ushirika cha Embu kikitoa zawadi ya mkulima bora kwa mtu mwenye shamba Brazil, ati kwa sababu babu yake alizaliwa Kianjokoma. Babu tunamheshimu. Shamba liko wapi?

Na kabla sijaeleweka vibaya: sina shida na Mwafrika aliyezaliwa London au Madrid. Akivaa jezi ya Nigeria au Morocco, yeye ni wao, mjadala umeisha. Shida yangu ni kazi inayopimwa, haihusu damu ya mtu.

Wanaopiga kura kwenye tuzo hii ni pamoja na makocha na manahodha wa timu za taifa. Hata Kenya ina kura. Lakini mtu hupigia kura alichokiona, na huona kilichorushwa. Hapa naongea kama mtu wa ndani, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaoandika kinachosomwa. Vibarua vyangu vingi ni vya mpira. Mteja anatuma orodha asubuhi: maneno 600 kuhusu Osimhen atahamia wapi, maneno 800 kuhusu mshahara wa Salah, mikeka ya wikendi ya ligi ya Uingereza. Tangu nianze kazi hii sijawahi kutumiwa ombi hata moja la mechi ya Ligi Kuu ya Kenya. Nikipendekeza mwenyewe, jibu ni fupi: hakuna anayeitafuta. Hakuna anayeitafuta kwa sababu hakuna anayeiandika, na hakuna anayeiandika kwa sababu hailipi. Halafu mwisho wa mwaka mtu anakaa na karatasi ya kura, anakumbuka majina yaleyale niliyolipwa kuyaandika. Tuzo inatoka. Kesho yake mteja ananiagiza maneno 1,000 kuhusu mshindi.

Nimeona mzunguko huu kwa macho yangu na naujua bei yake kwa neno. Ndiyo maana mtu akiniambia tuzo inaenda kwa aliye bora tu, bila kingine, nanyamaza kwa heshima.

Sasa turudi huku nyumbani.

Uwanja wa Kinoru, Meru, ulianza kujengwa upya kwa sababu Kenya ilikuwa imepewa CHAN ya 2018, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Hayo ndiyo mashindano ya bara ambayo kijana wa hapa angeweza kuyaota bila pasipoti. Septemba 2017 CAF ikaipokonya Kenya uenyeji kwa sababu maandalizi yalichelewa. Morocco wakapewa, wakaandaa, wakashinda kombe. Meru ikabaki na Kinoru, na shughuli kubwa ya kitaifa iliyokuja ilikuwa Madaraka Dei ya 2018. Embu nayo ilipata zamu: Uwanja wa Moi ulikarabatiwa, na Madaraka ya 2023 ikafanyika pale. Angalia hesabu hiyo. Viwanja viwili, kaunti mbili, na kumbukumbu kubwa ya kila kimoja ni gwaride na hotuba.

CHAN ilikuja Kenya hatimaye, Agosti 2025, tukiiandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Mechi za Kenya zilichezwa Kasarani. Wacha nikukumbushe kilichotokea, maana tunasahau haraka. Harambee Stars, kwa mara ya kwanza kwenye mashindano hayo, iliifunga Congo 1-0, ikatoka 1-1 na Angola, ikaifunga Morocco 1-0, ikaifunga Zambia 1-0. Ikaongoza kundi, kisha ikatolewa na Madagascar kwa penalti. Kwa wiki tatu, kwenye vibanda vya mpira kutoka Makutano mpaka Dallas pale Embu, watu walilipa hela ya mlango kumwona Austin Odhiambo na Ryan Ogam. Watu walewale ambao tunaambiwa hawatafuti mpira wa Kenya. Sikuhitaji utafiti wowote. Foleni ilikuwa nje ya mlango.

Ogam aliifunga Morocco, akaifunga Zambia. Mashindano yalipoisha, alikuwa ameenda Austria. Aende, na afunge huko mpaka wavu uchoke. Ninachouliza ni kwa nini tunamwona ameanza maisha siku ile ya kuondoka, na bao aliloifunga Morocco mbele ya Kasarani nzima tunalihesabu kama mtihani wa kuingilia.

Hii lugha ina gharama, na wanaoilipa wako kwetu. Namjua kijana wa upande wa Runyenjes, winga wa kushoto, mwepesi kama swara. Alikuja mtu akijiita ajenti, akamwambia kuna majaribio nje, gharama ni ya viza na tiketi. Familia ikauza ng'ombe wawili na kukodisha kipande cha shamba la kahawa. Kijana akakaa Nairobi miezi minne kwa rafiki akingoja simu. Simu ya ajenti ikazimwa. Siku hizi anaendesha nduthi, na ukimuuliza kwa nini hakujaribu klabu za hapa kwanza, anakuangalia kama umemtusi. "Hapa nitakuwa nani?" anasema. Hilo swali hakulitunga yeye. Ameimbiwa tangu akiwa mdogo, na kila mwaka CAF hupanda jukwaani na kuongeza beti.

Watu wa Meru wanajua hatari ya kumwachia mnunuzi wa mbali akupimie thamani. Kwa miaka, miraa bora ya Igembe ilifungwa kwa majani ya migomba, ikarushwa na pikapu kama ambulansi hadi uwanja wa ndege, ikalala London. Ule wa London ndio uliokuwa mti wa kweli. Wa kuuzwa hapa ulikuwa mabaki. Juni 2014 Uingereza ikapiga marufuku, na asubuhi moja kitu kilichokuwa dhahabu kikawa majani. Miti haikubadilika. Udongo ulikuwa uleule. Mtu fulani wa mbali alibadilisha mawazo, basi.

Tanzania imetuonyesha njia nyingine, na tusione aibu kuwaiga. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Simba ikafika fainali hiyohiyo mwaka 2025. Walijenga ligi ambayo mchezaji kutoka Congo au Senegal anaihamia akijua atalipwa na ataonekana. Mayele hakuondoka nyumbani akaenda moja kwa moja Ulaya. Alienda Dar es Salaam, na kutoka hapo Misri, na amekuwa mtu mkubwa bila kucheza hata dakika moja Ulaya akiwa kwenye klabu hizo. Watu hujaa uwanjani, kisha kura hufuata watu.

Kwa hivyo nataka mambo matatu, na nayaandika wazi ili mtu asiseme nilikuja kulia tu.

La kwanza ni la CAF. Tuzo kuu ipime kazi iliyofanyika kwenye mpira wa Afrika: timu ya taifa, mashindano ya klabu za Afrika, ligi zetu. Hakimi akiiongoza Morocco vizuri, ashinde kwa hilo. Salah akiibeba Misri, ashinde kwa hilo. Mabao yao ya klabu za Ulaya yawe na tuzo ya pembeni, ndogo, iitwe Mwafrika Bora Ughaibuni. Yaani ile meza ndogo ambayo mmewakalisha akina Samatta, Onyango na Mayele, wabadilishane viti.

La pili ni la wapiga kura wetu. Kocha na nahodha wa Kenya wakipiga kura, Wakenya waambiwe walimpigia nani na kwa nini. Kura hiyo wameibeba kwa niaba yetu. Kama mtu amempigia mshindi wa ligi ya Uingereza na kumwacha aliyebeba kombe la Afrika, atueleze kwa Kiswahili chepesi, tutamwelewa ama tutambishia.

La tatu ni la hapa Meru na Embu, kwa shirikisho la soka la Kenya na serikali zetu za kaunti. Tumepewa AFCON ya 2027 pamoja na Uganda na Tanzania, na tayari naona mabango, kamati na hotuba. Sawa. Lakini kijana wa Nkubu hatafundishwa mpira na bango. Anahitaji kuona mechi ya ushindani kila wiki, mahali anapofika kwa miguu ama kwa nauli ya hamsini, akiwaona watu wa rika lake wakishangiliwa kwa majina yao. Viwanja tunavyo. Vimejengwa kwa kodi yetu, vimepakwa rangi kwa ajili ya marais.

Kila mara tuzo inapotolewa, kuna mtu kwenye redio huuliza ni lini Mkenya atakuwa mchezaji bora wa Afrika. Nimechoka na hilo swali. Kabla hujaliuliza tena, niambie kwanza Jumamosi hii kuna mechi gani Kinoru, inaanza saa ngapi, na kiingilio ni pesa ngapi.